Karatasi za Kufungia Karanga

Mkusanyo mkubwa wa gazeti la Sani niliowahi kuuona haupo maktaba. Upo Morogoro, chini ya kitanda cha baba yangu mdogo, ndani ya sanduku la bati alilokwenda nalo sekondari. Ni nakala 14, tatu hazina jalada. Zilikuwa nyingi zaidi. Zilizobaki, anasema, bibi alizimaliza kwa kufungia karanga.

Nilikwenda kwake nikiwa na shida. Pendekezo langu la tasnifu ya shahada ya umahiri lilihusu magazeti ya katuni ya miaka ya ujamaa, na siku ya kuliwasilisha niliulizwa swali moja tu la maana: vyanzo vyako viko wapi? Swali la haki. Kwenye rafu nilizopekua, magazeti ya chama na ya serikali yamejalidiwa mwaka hadi mwaka. Ukitaka hotuba, utasoma mpaka macho yakuume. Kilichowachekesha watu jioni baada ya hotuba ndicho kilichofungiwa karanga.

Si kwamba kicheko hakikupita kwenye magazeti ya wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye Uhuru, na Uhuru lilikuwa gazeti la TANU. Tulia hapo kidogo. Gazeti hilohilo linalohimiza kujitegemea linampa nafasi mtu wa shamba aliyeingia mjini, akahangaika na wanawake, pombe na mabwana wa ofisini, wale ambao mtaa uliwaita naizesheni. Nadhani siasa yenyewe ilimrahisishia mchoraji kazi. Lugha ya Azimio la Arusha na mikutano yake ilishajaa picha: mnyonyaji ni kupe, ana mirija, tumbo limefura kwa jasho la kabwela. Ukishamwita mtu kupe umeshamchora nusu, imebaki kumvalisha suti.

Sani lilikuwa jambo jingine. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha gazeti lao wenyewe, nje ya chama, na jina wakalipata kwa kuunganisha mianzo ya majina yao mawili. Humo ndimo kijana Philip Ndunguru alimojaza watu ambao mpaka leo Mtanzania wa makamo akisikia majina yao anatabasamu kabla hujamaliza sentensi: Madenge, mtoto mtundu; Dokta Love Pimbi; Ndumilakuwili; Komredi Kipepe; Lodi Lofa.

Yatazame hayo majina mawili ya mwisho. Komredi ni neno la mikutanoni, la watu wa mapambano na itikadi, na hapa amevikwa mshamba. Lodi ni bwana mkubwa wa Kizungu; lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Ukiyabandika pamoja unapata mtu anayejifanya tajiri huku tumbo linanguruma. Hadithi nzima imo kwenye jina, michoro inakuja kuthibitisha tu.

Na miaka yenyewe! Vita vya Kagera vya 1978–79 viliikuta nchi tayari inapungukiwa fedha za kigeni, vikaiacha hoi. Sukari, sabuni, unga, vyote foleni. Mwaka 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakatupa mali usiku wasikutwe nazo. Mwaka huohuo ikaja sheria ya Nguvukazi: mtu mjini awe na kazi inayotambulika, asiye nayo arudishwe kijijini akalime. Kwa maneno mengine, kuwa lofa kukawa kosa.

Haya nilikuwa nayo kwenye daftari langu, nimeyapigia mstari. Nikamsomea bamdogo kwa fahari kidogo, kama mtu anayempa mzee habari mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi walinikamatia Magomeni."

Alikuwa na miaka 19. Amemaliza kidato cha nne, anaishi kwa shemeji yake, anauza sigara mojamoja kwenye kisanduku cha mbao. Asubuhi moja wakamuuliza kitambulisho cha kazi. Hakuwa nacho. Akapandishwa kwenye lori pamoja na wengine asiowajua, wakateremshwa kwenye shamba ambalo hata mvua zilikuwa hazijafika. Alikaa wiki mbili, akatoroka, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Aliporudi, wenzake pale mtaani hawakumpa pole. Walimwita Lodi, na jina likamganda miaka mingi.

Miaka yote niliyokulia mikononi mwake sikuwahi kusikia habari hiyo. Baba hakuijua. Shangazi, mkewe, aliyekuwa anachambua mchele pale kizingitini, aliinua uso akamwangalia mumewe kama anamwona upya.

Tasnifu yangu ilikuwa imeandaliwa kusema kwamba katuni zile zilikuwa upinzani wa kimyakimya. Bamdogo hakulipenda neno hilo. "Hatukuwa tunampinga mtu," alisema. "Mwalimu tulimpenda. Tulikuwa tunacheka tu." Nilibishana naye, kwa adabu ya mtoto kwa baba. Nilimwambia kwamba mtu aliyepandishwa lori kwa kosa la ulofa, kisha akanunua gazeti kumtazama lofa, hachekeshwi bure. Akanijibu kwamba hakulinunua, aliliazima. Gazeti moja lilisomwa na nyumba nzima ya kupanga, na anayelirudisha limechanika ananyimwa toleo lijalo.

Ndani ya sanduku mlikuwamo pia Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, cha mwaka 1979, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Willy Gamba! Mpelelezi anapanda ndege, anapambana Kinshasa, wakati msomaji wake amepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Wahakiki wa vyuoni waliviita vitabu vya aina hii fasihi pendwa, na wengine wao kwa midomo iliyokunjwa. Ningependa kuvisema mengi, lakini hicho ni kisa cha siku nyingine. Nitasema tu kwamba kati ya Willy na Lodi, bamdogo alimtamani wa kwanza na kumfahamu wa pili.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, bado kijana. Mwaka huohuo serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na bidhaa zikaanza kurudi madukani, kwa bei zake. Wachoraji wengine wakachukua kalamu, wahusika wakaendelea kuishi. Nina mashaka kama wageni wale waliwachora vibaya, kama bamdogo anavyodai. Nafikiri yeye ndiye alikuwa amepata kazi.

Niliomba kulichukua sanduku niende nalo chuoni, nikaahidi kulirudisha. Akakataa. Basi tukapiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, pale barazani kwenye mwanga wa alasiri, yeye akishikilia pembe upepo usizigeuze. Kazi ilichelewa sana, maana kila ukurasa alitaka kwanza ausome. Shangazi aliacha mchele, akavuta kigoda.

"Huyu ndiye Lodi?" aliuliza.

"Ndiye," bamdogo akasema. "Ngoja nikusomee."

Jua lilituzamia tukiwa kwenye nakala ya nne.