Kutoka Shule za Wenyeji hadi Kiota cha Lugha: Wazazi wa Kimaori na Elimu ya Watoto Wao

Katika vikao vya shule neno ushirikiano husemwa sana. Mzazi huitwa, huelezwa mahitaji ya shule, hutoa mchango wake, kisha hurudi nyumbani. Katika makala hii tunatupia jicho historia ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, ambao wameonja ushirikiano wa namna mbili: ule wa kuchangia bila kuamua, na ule wa kuchangia na kuamua. Ule wa kwanza nusura uwapotezee lugha yao.

Shule za Wenyeji

Shule ya kwanza ya wamisionari kwa watoto wa Kimaori ilifunguliwa mwaka 1816 huko Rangihoua, kaskazini mwa nchi. Wamisionari wa awali walifundisha kwa Kimaori, na watu walijifunza kusoma na kuandika upesi kwa lugha yao wenyewe. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1847, serikali ya kikoloni ilipotoa sheria ya kuzipa fedha shule za misheni kwa sharti kwamba zifundishe Kiingereza. Miaka 20 baadaye, mnamo mwaka 1867, ikapitishwa Sheria ya Shule za Wenyeji.

Sheria hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kijiji kilichotaka shule kilipaswa kuiomba, kutoa ardhi, na hapo mwanzo kuchangia gharama za jengo na mshahara wa mwalimu. Kamati ya wanakijiji nayo iliundwa. Kwa macho ya leo tungesema kwamba wazazi walishirikishwa. Lakini lugha ya kufundishia na mafunzo yenyewe viliamuliwa na serikali. Ifahamike kwamba wazazi wengi walikitaka Kiingereza, kwani walikiona kuwa ufunguo wa biashara, sheria na utawala. Walitaka kuongeza lugha ya pili juu ya ile waliyokuwa nayo. Hakuna aliyewauliza kama walikuwa tayari kuipoteza ya kwanza.

Kadiri miaka ilivyopita, watoto waliosikika wakisema Kimaori katika eneo la shule waliadhibiwa. Mzee James Henare, kiongozi mashuhuri wa Kimaori, alitoa ushahidi miaka ya 1980 jinsi alivyotumwa msituni akiwa mwanafunzi kukata fimbo ambayo kisha alichapwa nayo kwa kosa hilo. Wasomaji wetu wa Uganda na Kenya, ambako watoto wengi wamevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, hawahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1913 zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wa Kimaori walijua lugha yao. Kufikia mwaka 1975 waliobaki walikuwa takriban asilimia 5 tu. Shule peke yake haikufanya kazi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi zilihamia mijini, na wazazi waliochapwa utotoni waliamua kusema Kiingereza na watoto wao ili kuwaepusha na yaliyowapata.

Kiota cha lugha

Tarehe 14 Septemba 1972 vijana wa kundi la Nga Tamatoa, wakiwa pamoja na wanafunzi na wazee, walifikisha bungeni mjini Wellington ombi lenye saini zaidi ya 30,000. Waliitaka serikali iruhusu Kimaori kifundishwe shuleni. Somo lilianza kutolewa, lakini vipindi vichache kwa wiki haviwezi kurudisha lugha iliyokwisha kutoka nyumbani. Sisi walimu wa lugha tunalijua hilo vizuri.

Jibu lilitoka kwa wazee. Mwaka 1982, kwa msaada wa idara ya serikali ya masuala ya Wamaori, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha Te Kohanga Reo, yaani kiota cha lugha, huko Wainuiomata karibu na Wellington. Mpango ulikuwa rahisi. Bibi na babu walikuwa bado na lugha, wajukuu walikuwa hawajaanza shule, na kizazi cha katikati ndicho kilichokuwa kimeikosa. Basi wazee wakakaa na wajukuu, wakasema nao Kimaori tu siku nzima, na wazazi wakajifunza pamoja na watoto wao. Muhimu zaidi, uamuzi ulikuwa mikononi mwa familia: nani afundishe, watoto wale nini, fedha zitumikeje. Ilipofika mwaka 1993 palikuwa na vituo zaidi ya 800, vyenye watoto zaidi ya 14,000.

Tatizo lilijitokeza mapema. Watoto walipotimiza miaka mitano waliingia shule za Kiingereza na lugha ikaanza kuwatoka. Kwa hiyo mwaka 1985 wazazi walianzisha shule yao ya msingi katika uwanja wa Hoani Waititi, magharibi mwa Auckland, bila kusubiri serikali. Sheria ilizitambua shule za aina hiyo mwaka 1989. Kimaori chenyewe kilikuwa kimefanywa lugha rasmi mwaka 1987.

Shule za kawaida

Hata hivyo, wanafunzi wengi wa Kimaori waliendelea kusoma katika shule za Kiingereza. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, wakiongozwa na Russell Bishop, walianzisha mradi wa Te Kotahitanga. Waliwauliza wanafunzi, wazazi, wakuu wa shule na walimu kwa nini watoto hao wanabaki nyuma. Walimu wengi walitaja hali ya nyumbani. Wanafunzi na wazazi walitaja uhusiano kati ya mwalimu na mwanafunzi darasani. Mradi ulianzia hapo, kwa kumsaidia mwalimu abadilishe namna anavyomtazama mwanafunzi wake.

Tunajifunza nini?

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tuna sababu ya kuitafakari historia hii. Mwaka 2005 Kiswahili kilipewa katika katiba hadhi ya lugha rasmi ya pili, na tulifurahi. Lakini wapo wazazi wanaokihusisha na askari na miaka ya mateso, na wapo wanaohofia kwamba kitaimeza lugha ya nyumbani. Tukiingia darasani kwa nguvu ya sheria peke yake, tutakuwa tumefuata njia ya mwaka 1867. Tunawaomba walimu wenzetu, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, waanze kwa kuketi na wazazi na kuwauliza lugha gani mtoto anaitumia na bibi yake, na wangependa Kiswahili kikae wapi kando ya lugha hiyo. Majibu mengine hayatatupendeza. Hata hivyo tuyapokee, na yaonekane katika mipango yetu ya masomo.