Mninga: sampuli kavu za Mpanda

Sampuli kavu za mninga (*Pterocarpus angolensis*), mti wa miombo uliopewa jina la kisayansi na de Candolle mwaka 1825, ni vitawi vilivyobanwa kati ya magazeti, vikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Lebo hutaja mkusanyaji, namba, tarehe, mahali na mwinuko. Bila lebo, karatasi hiyo ni jani kavu tu.

Mninga humsumbua mkusanyaji. Maua yake ya manjano huchanua mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa hayajakomaa, na tunda lake la duara lenye miiba katikati halibaniki vizuri. Mti mmoja huhitaji kurudiwa.

Lebo za zamani zisomwe kwa uangalifu. Mfululizo wa vitabu *Flora of Tropical East Africa*, uliochapishwa kati ya 1952 na 2012, uliigawa Tanzania Bara katika kanda nane, na Mpanda ikawa katika kanda ya T4 pamoja na Tabora na Kigoma. Mkoa wa Katavi, ilimo Mpanda leo, ulianzishwa 2012 tu, ukimegwa kutoka Rukwa. Tena, “Mpanda District” ya vitabu hivyo ilifika hadi milima ya Mahale, ambayo leo iko mkoani Kigoma. Anayehesabu mimea ya Katavi kwa jina la wilaya pekee atabeba na ya jirani.

Sampuli kama hizi hutunzwa katika hebaria, yaani hifadhi za mimea kavu; hebaria kuu za eneo hili ziko Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nairobi, ambayo mwaka 1950 ilipokea mkusanyo uliokuwa Amani, Tanzania.