Friza ya kulala au ya kusimama: Ipi inafaa nyumbani Bujumbura?

Familia inayonunua mukeke na sangala kwa wingi, au inayouza barafu na vinywaji baridi, huweka sehemu ya akiba yake ndani ya friza. Umeme wa Regideso unapokatika, akiba hiyo huwa hatarini. Ndiyo maana mnunuzi wa Bujumbura hupaswa kuuliza kwanza ni friza ipi itakayotunza baridi kwa muda mrefu zaidi.

Faida ya mfuniko wa juu

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Friza ya kulala hufunguliwa kwa juu, hivyo baridi hubaki chini kama maji ndani ya beseni. Mlango wa friza ya kusimama unapofunguliwa, hewa hiyo hutoka na mashine hulazimika kuanza kazi upya. Zile zinazoyeyusha barafu zenyewe kwa kawaida hutumia umeme zaidi.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kutunza chakula kikiwa kimeganda kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, takriban saa 24. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji, zisijazwe hadi juu kwa kuwa maji hutanuka yanapoganda.

Pale ya kusimama inapofaa

Friza ya kusimama huchukua nafasi ndogo sakafuni, jambo la maana katika nyumba zilizobanana za Buyenzi au Bwiza. Rafu zake huonyesha kila kilichomo, na haimlazimishi mzee kuinama. Katika friza ya kulala, vitu vya chini husahaulika kwa urahisi, na nyingi huhitaji kuyeyushwa barafu kwa mkono.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi asome kibandiko cha mashine. Herufi N humaanisha imeundwa kwa mazingira ya nyuzi joto 16 hadi 32 za Selsiasi. ST hufika 38, na T hufika 43. Kwa jiko la Bujumbura wakati wa joto, ST au T ni salama zaidi. Kifaa cha kudhibiti nguvu ya umeme husaidia kuikinga mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Umeme unaporudi

Friza irudi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Samaki au nyama yenye chembe za barafu bado, au isiyozidi nyuzi 4, inaweza kugandishwa tena, ingawa ladha hupungua. Iliyokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili itupwe. Isionjwe kwa majaribio, kwani chakula chenye vijidudu huweza kukosa harufu mbaya.

Kwa ufupi, mwenye nafasi na anayehifadhi kwa wingi achague ya kulala. Mwenye nafasi finyu, anayehifadhi kidogo na kufungua mara chache, atatoshelezwa na ya kusimama.