Riba, Hisa na Maslahi: Historia ya Neno Moja la Kiingereza katika Biashara



Mfasiri wa hati za benki hukutana mapema na neno la Kiingereza "interest". Kamusi humpa visawe kadhaa: riba, hisa, maslahi, haki, bila kutaja hamu, ambayo si shughuli yetu leo. Kwa kawaida visawe hivi huelezwa kuwa matawi ya shina moja. Kwa maoni yangu, historia ya neno hili inaonyesha jambo zito zaidi: katika mikopo, lilistawi kwa kulisitiri neno jingine.

Asili yake ni Kilatini "interesse", yaani kuwa baina ya vitu, na pia kuwa na umuhimu. Katika sheria ya Kirumi lilihusu tofauti kati ya hali ya mtu aliyevunjiwa mkataba na hali ambayo angekuwa nayo lau mkataba ungetimizwa. Lilikuwa, basi, neno la hasara. Sheria ya Kifaransa ingali ikiita fidia "dommages-intérêts". Katika zama za kati, Kanisa liliharamisha ziada juu ya mkopo, iliyoitwa "usura". Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1179 uliwanyima walaji riba wa dhahiri maziko ya Kikristo. Hata hivyo, wanasheria wa Kanisa walikubali kwamba mkopeshaji aliyecheleweshewa fedha zake alistahili kufidiwa hasara. Fidia hiyo ndiyo "interesse". Mlango ulikuwa mwembamba, na wafanyabiashara wakaupanua.

Huko England, sheria ya Henry VIII ya mwaka 1545 iliruhusu ziada isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ilifutwa mwaka 1552 na kurejeshwa mwaka 1571. Kikomo kilishuka hadi asilimia 5 mwaka 1714, na mwaka 1854 vikomo viliondolewa kabisa. Katika karne hizo tatu "usury" ilisukumwa hadi kumaanisha malipo ya kupindukia tu, na "interest" ikawa bei ya kawaida ya fedha. Neno la hasara likawa neno la chumo.

Wakati huohuo neno hilo lilikuwa na maisha mengine. Mwaka 1774 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku bima ya maisha ya mtu ambaye mkata bima hana "interest" naye, kwani watu walikuwa wakifanya kamari juu ya vifo vya wenzao. Hapo Mswahili hawezi kusema riba, atasema maslahi. Katika kampuni atasema hisa. Mwingereza huipita mipaka hii bila kuiona.

Riba, hisa na maslahi yote yametoka katika Kiarabu, lakini riba ilikuja na hukumu yake: Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inahalalisha biashara na kuharamisha riba. Kiarabu cha mabenki kimelikwepa neno hilo kwa kutumia "fa'ida". Kiswahili, ambacho kina maneno yote mawili, kilikwenda njia nyingine. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia kiwango chake kipya cha kuongoza sera ya fedha, asilimia 5.5, ilikiita waziwazi Riba ya Benki Kuu.

Wapo wanaopendekeza tufuate Kiarabu na kuandika "faida" katika mikataba ya mikopo. Sikubaliani nao. Katika murabaha, ambapo benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa, faida ni neno sahihi, kwa kuwa pana mauzo. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili faida hutegemea biashara kwenda vizuri. Mkopaji akisoma kwamba benki italipwa faida, anaweza kudhani kuwa duka lake likifilisika, faida nayo haipo. Benki haitadhani hivyo, wala mahakama.