Nyanya Iliyolipa Deni la Nyumba

Miaka ya 1930, katika mji wa Logan, jimbo la West Virginia nchini Marekani, alikuwapo fundi mmoja aitwaye M. C. Byles. Gereji yake ilikuwa chini ya mlima mkali. Malori yaliyojaribu kuupanda yalichemsha, na kazi ya rejeta haikumwishia. Watu wakambandika jina la Radiator Charlie. Siku hizi hakuna anayemtaja kwa rejeta. Anatajwa kwa nyanya.

Hakuwa mtaalamu wa mbegu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitafuta nyanya kubwa kuliko zote alizoweza kupata: German Johnson, Beefsteak, moja ya Kiitaliano na nyingine ya Kiingereza. German Johnson akaipanda katikati, nyingine akazizungushia duara. Kisha akachukua kibomba cha mpira, kile cha kusafishia masikio ya watoto wachanga, akawa anavuta chavua kwenye maua ya pembeni na kuipulizia maua ya katikati. Kila msimu alibakiza mbegu za miche bora na kurudia. Ilimchukua miaka sita.

Kibomba kilihitajika kwa sababu ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, ya kiume ikiizingira ya kike, na mara nyingi hujichavusha lenyewe. Kwa mtu anayetaka kuchanganya, hiyo ni kero. Kwa mwenye bustani ya nyumbani ni neema tupu: anaweza kupanda aina mbili tatu uani, akakamua mbegu, na mwakani akavuna zilezile. Ndivyo nyanya za urithi zilivyopita mkono kwa mkono bila kampuni yoyote kuhusika. Mbegu chotara za dukani hazina uaminifu huo. Ukizirudia shambani, watoto hawafanani na mama.

Kuzihifadhi si kazi ngumu. Mbegu ya nyanya imefunikwa utelezi unaoizuia kuota, kwa hiyo ikamulie kikombeni pamoja na maji yake, iache ichachuke siku mbili tatu mpaka utando wa ukungu utokee juu, ioshe, kisha ianike kivulini kwenye sahani. Usiianike kwenye karatasi laini, itaganda. Nyanya ya Byles ni ya nyama nyingi na mbegu chache, basi usimwage hovyo.

Miaka ya 1940 alianza kuuza miche yake kwa dola moja mmoja, bei ya kushangaza enzi hizo, na watu wakaifuata kutoka mbali. Katika miaka sita deni la dola 6,000 la nyumba yake likaisha. Nyanya akaiita Mortgage Lifter, yaani mwondoa rehani. Tamaa ya fedha katika majina ya nyanya si yake peke yake: wakulima wa Kenya na Tanzania wanaijua vizuri Money Maker, iliyotoka Uingereza.

Mwaka 1985 mbegu zake ziliingia katika orodha ya Southern Exposure Seed Exchange, kampuni ya Virginia. Lakini jina lilikuwa tamu mno kubaki na mtu mmoja. William Estler wa West Virginia naye alikuwa na Mortgage Lifter yake, na zipo nyingine. Anayeitaka ile ya fundi wa Logan asiridhike na jina hilo tupu kwenye pakiti. Atafute yenye Radiator Charlie.