Miaka 40 ya filamu za Mazrui zilizoikasirisha Washington

Oktoba 2026 inatimia miaka 40 tangu PBS, televisheni ya umma ya Marekani, ilipoanza kuonyesha The Africans: A Triple Heritage, mfululizo wa filamu tisa ulioandikwa na kusimuliwa na Profesa Ali Al'amin Mazrui. Waliouona wanamkumbuka bwana yule mwenye Kiingereza cha madaha, amesimama mbele ya kamera akiieleza Afrika kama mtu anayeeleza habari za nyumbani kwao.

Na kweli ni kwao. Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere miaka kumi, na utawala wa Idi Amin ulipombana akahamia Chuo Kikuu cha Michigan. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Afrika ina urithi wa pande tatu: wa mababu, wa Kiislamu na wa Ulaya. Msomi Edward Blyden alishaigusa hoja hiyo karne ya 19, na Kwame Nkrumah akaiandika mwaka 1964. Lakini Mazrui alikuwa amelelewa ndani yake: nyumbani Kiswahili, chuoni Kurani, shuleni Kiingereza.

Mwaka 1979 BBC ilimpa nafasi ya kutoa Mihadhara ya Reith, mihadhara yake ya redioni ya kila mwaka, naye akatoa sita. Hapo ndipo filamu zilipochipukia. BBC ikashirikiana na kituo cha WETA cha Washington, na kitabu kikatoka pamoja na filamu.

Msomi akiandika kitabu, kila dai hulipa tanbihi yake chini ya ukurasa. Filamu haina tanbihi. Mazrui alikuwa na dai zito, kwamba taasisi tulizoletewa na wakoloni zinaoza kwa sababu tumevunja mapatano na mababu zetu. Dai kama hilo kwenye semina hujadiliwa mchana kutwa. Kwenye televisheni ilimbidi alisimamishe juu ya picha za misikiti, makanisa, migodi na barabara, kisha aseme waziwazi, “naamini hivi.” Hiyo nafsi ya kwanza ndiyo iliyowasha moto.

Mfuko wa serikali ya Marekani unaofadhili taaluma, NEH, ulikuwa umezichangia filamu hizo takriban dola 600,000. Ruzuku ilipoidhinishwa, mkuu wake alikuwa mwingine. Filamu zilipokamilika mwaka 1986, kiti alikuwa amekikalia Lynne Cheney, mke wa Dick Cheney, mbunge ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu wa Rais. Alizitazama kabla hazijarushwa, akachukia. Kwake, zilikuwa hotuba ya kuishambulia Magharibi, inayoibebesha lawama za kila kinachoharibika Afrika. Kilichomuudhi zaidi ni kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, kuonyeshwa kwa upande wake mzuri, ilhali Aprili ya mwaka uleule ndege za Marekani zilikuwa zimeipiga nchi hiyo mabomu. Akataka jina la NEH lifutwe kwenye orodha ya wafadhili. Likafutwa. Filamu zikaonyeshwa vilevile.

Jibu la Mazrui lilikuwa rahisi, na kwangu mimi halijapata kupanguliwa: alialikwa atoe mtazamo wa Mwafrika, naye ameutoa. Tena aliyezitazama zote tisa aliona viongozi wa Afrika nao wakilaumiwa, mapinduzi yao na ufisadi wao.

Pigo jingine lilitoka ndani ya nyumba. Mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria, aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka uleule wa 1986, alizishambulia filamu hizo katika jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala na ambalo Mazrui aliliandikia tangu enzi za Makerere. Alidai kwamba dini za asili zimedunishwa, na Uislamu umependelewa ingawa nao ulitoka nje. Mazrui akamjibu kwa kirefu katika jarida hilohilo. Sisi wa pwani, ambao historia ya biashara ya watumwa ya Waarabu tunaikanyaga mitaani, tunajua kwamba hoja ya Soyinka ilistahili hata filamu ya kumi.

Mwaka 1999 zamu iligeuka: msomi wa Marekani Henry Louis Gates alitoa filamu zake kuhusu Afrika, na Mazrui akawa miongoni mwa wakosoaji wakali. Mwaka 2003 aliteuliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Alifariki Oktoba 2014 na kuzikwa Mombasa.

Siku hizi vituo vyetu humwita profesa studio dakika tano wakati wa uchaguzi, aseme nani atashinda. Utafiti wake wa miaka mingi unabaki kabatini idarani, na mlipakodi aliyeugharimia hajui hata kichwa chake. Vyuo vyetu na KBC, shirika la utangazaji la taifa, wangeanzia kwa Mazrui: wapate haki za filamu zile tisa, wazitie sauti ya Kiswahili, lugha aliyoitungia kitabu pamoja na msomi mwenzake Alamin Mazrui mwaka 1995, na kuzionyesha usiku, saa ambazo watu wako nyumbani. Na baada ya kila moja, studio iwe wazi kwa anayetaka kumpinga.