Waya Mapacha: Jamaa Wasiotajwa Walioua Mvumo Kabla ya Kebo za Mamilioni

Leo wadau hatuna picha ya staa akitoka hotelini saa tisa usiku. Tuna waya. Zile kebo zenye vichwa vya chuma vya pini tatu, unazoziona nyuma ya mixa ukumbini, zina ndugu zao wa kishua wanaoishi sebuleni kwa matajiri wa muziki. Huko jozi ya mita moja inauzwa dola elfu kadhaa, na zipo zinazovuka dola 10,000. Kwa hela hiyo mtaani unanunua bodaboda kadhaa na chenji inabaki. Muulize mwenye nayo, atakwambia siri ni fedha safi, shaba ya fuwele moja na dhahabu kwenye pini. Mimi nasema siri yenyewe ina zaidi ya miaka 140, haiuzwi kwa gramu, na jamaa waliohangaika nayo hakuna anayewaimba.

Twende karne ya 19. Simu za kwanza ziliiga akili ya telegrafu: waya mmoja unakwenda, umeme unarudi kwa kupitia ardhini. Hata huku kwetu mfumo huo ulifika mapema. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa kebo ya telegrafu iliyolazwa baharini, moyo wa shaba uliovikwa utomvu wa mti wa Asia unaoitwa gutapacha, na bahari yenyewe ndo ikawa njia ya kurudi. Kwa telegrafu hamna shida, ujumbe ni kugonga fupi na ndefu tu. Simu inabeba sauti ya mtu, na sikio la binadamu halisamehe. Takataka yoyote ya umeme iliyoko ardhini ilikuja moja kwa moja kwenye mazungumzo.

Afu zikaja tramu. Mwaka 1888 mji wa Richmond, Virginia, ulianza kutembeza tramu za umeme kwa kiwango kikubwa, na miji mingine ya Marekani ikafuata mbio mbio. Tramu nazo zilikuwa zinarudisha umeme kupitia reli na ardhi ile ile. Basi bwana, tramu ikipita, simu zinanguruma. Kampuni za simu zikawapeleka wenye tramu mahakamani, wakagombania ardhi kama ndugu wa mirathi.

Dawa ilikuwepo tayari ila ilikuwa ghali. Alexander Graham Bell alisajili hataza yake mwaka 1881: achana na ardhi, mpe kila mteja waya mbili, na uzisokote pamoja. Kampuni zilisitasita kwa sababu waya mbili maana yake shaba mara mbili. Mvumo ndo uliowalazimisha.

Sasa hapa tulia kidogo, maana ndo roho ya stori yote. Fikiria mizani ya sokoni yenye sahani mbili. Mvua ikinyesha sawasawa kwenye sahani zote, mshale hausogei. Ukiweka kilo ya sukari upande mmoja, mshale unasogea hata kama mvua bado inanyesha. Kebo ya balansi inafanya hivyo hivyo. Uchafu wa nje unaziangukia waya zote mbili kwa kiasi kile kile. Chombo kinachopokea hakisikilizi waya mmoja mmoja, kinasoma tofauti kati ya waya huu na ule. Uchafu hauna tofauti, kwa hiyo unapotea. Sauti ina tofauti, kwa hiyo inabaki.

Na kusokota kuna kazi gani? Waya mmoja ukiwa karibu zaidi na chanzo cha uchafu, utanyeshewa zaidi ya mwenzake na mizani itainama. Ukizisokota, zinabadilishana zamu ya kukaa karibu. Kwenye nguzo za simu, ambako waya zilikuwa wazi na huwezi kuzisokota, mafundi walizivusha: kila baada ya nguzo kadhaa, wa kushoto anahamia kulia na wa kulia anahamia kushoto. Hebu waza jamaa aliyekaa juu ya nguzo kwenye baridi, anavusha waya ili watu wawili asiowajua wasikilizane vizuri. Huyo ndo staa wangu wa leo.

Kitu ambacho hata mafundi wengi wa sasa wanakichanganya: watu hudhani balansi maana yake ni waya mmoja kubeba sauti na mwingine kubeba sauti iyo hiyo iliyogeuzwa. Mara nyingi inafanyika hivyo, na ina faida zake, lakini si lazima. Unaweza kuweka sauti kwenye waya mmoja tu na mvumo ukafa vile vile, mradi waya zote mbili zina ukinzani sawa kuelekea ardhi pande zote. Usawa wa mapacha ndo unaoua mvumo. Wakitofautiana, hata kidogo, uchafu unapata mlango.

Kutoka kwenye simu mambo yakahamia redioni. Vipindi vilisafirishwa mji hadi mji kwa laini za simu, kwa hiyo studio zikarithi waya mapacha bila hata kujadili. Ile jeki nene ya gitaa na hedifoni za studio, ya milimita 6.35, ilizaliwa kwenye bodi za waendesha simu, wale mabinti waliokaa safu kwa safu wakichomeka na kuchomoa siku nzima. Mpiga gitaa anayejifanya mkorofi jukwaani anashika kifaa cha ofisini cha bibi wa mtu.

Kichwa cha pini tatu kina baba anayejulikana angalau. James Cannon alianzisha kampuni yake Los Angeles mwaka 1915. Walikuwa na plagi ya familia ya X, wakaiongezea kitasa cha kufunga ikawa XL, na mwaka 1955 wakaweka mpira ndani, ikapatikana R. XLR hiyo. Kuna ujanja mdogo humo ndani ninaoupenda sana: pini namba 1, ya ardhi, inagusana kabla ya wenzake, ili usichome spika kwa mlipuko wa sauti wakati wa kuchomeka.

Ila pini 2 na 3 zilileta vurugu ya miaka. Ipi ibebe sauti iliyo sawa na ipi iliyogeuzwa? Huku wanasema 2, kule wanasema 3. Ukiweka maiki mbili mbele ya ngoma moja na waya zake hazikubaliani, besi inayeyuka na hujui nani kaiba. Suluhu rasmi ilikuja 1992, chama cha wahandisi wa sauti kilipotoa kiwango cha AES14: pini 2 ndo ya mbele. Vyombo vya zamani bado vinazunguka mitaani na ugomvi wao.

Ushahidi mtamu zaidi wa nguvu ya mapacha ulitokea Norway. Mwaka 1966 shirika la utangazaji la huko lilikuwa linanunua maiki mpya za Neumann zinazohitaji umeme. Studioni tayari kulikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Wakaamua: pitisha volti 48 kwenye waya zile zile za sauti. Mbona hausikiki? Kwa sababu unapita kwenye waya zote mbili sawasawa. Tofauti ni sifuri. Mpaka leo kile kitufe chekundu cha 48V kwenye mixa yako ni taa za akiba za Norway.

Hadithi ya anasa ilianza baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni za Marekani zilipoanza kuuza waya kama bidhaa yenye jina. Miaka ya 1980 Profesa Atsumi Ohno wa Japani akaleta mbinu ya kumimina shaba kwenye kalibu ya moto badala ya baridi, ili fuwele za shaba zikue ndefu badala ya kuvunjika vipande vipande. Wauza kebo wakaidaka. Maganda nayo yakapandishwa cheo: tefloni, ile iliyogunduliwa kwa bahati tu mwaka 1938 na inayokaa kwenye kikaango chako kisichogandisha, ikawa nguo ya waya wa kifahari. Na fedha, kwa maana zote mbili za neno.

Tupige hesabu bila hasira. Mita moja ya waya wa shaba wenye eneo la milimita 0.2 za mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.086. Wa fedha, takriban 0.08. Chombo kinachopokea kwa kawaida kina omu 10,000 au zaidi. Tofauti ya 0.006 mbele ya 10,000 ni kama kuogopa kwamba bahari itapanda kwa sababu umetema mate. Ganda zuri nalo hupunguza chaji inayojilimbikiza kwenye waya, lakini kwa mita moja, hata kebo ya kawaida inapitisha mitetemo mamilioni kwa sekunde, na sikio lako likiwa changa kabisa linaishia kama 20,000. Mwaka 2007 mwanamazingaombwe mmoja mstaafu wa Marekani, bingwa wa kuumbua matapeli, aliweka mezani dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa sikio tu nyaya za spika za dola 7,250 na za kawaida. Maneno yakawa mengi, mtihani haukufanyika.

Shaba yenyewe ina heshima bila kupambwa. Kule Katanga, ambako Kiswahili kinazungumzwa kwa lafudhi yake tamu, watu walikuwa wakimimina shaba kwa umbo la msalaba na kuitumia kama pesa karne nyingi kabla ya mkoloni. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima liliitwa Shaba. Malori yanayoleta shaba ya Kongo yanapita Tunduma hadi bandari ya Dar, na sisi hapa Dar tunauziwa waya usio na shaba.

Hapo ndo panaponiuma. Sokoni zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba juu. Kijana anajichanga anunue maiki na kebo za kuanzia studio ya chumbani, anapewa hizo. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, ni ngumu kulehemu, na ukiikunja kunja inakatika ndani ya ganda bila kukuaga. Waya mmoja ukikatika nyuzi nusu, pacha hawalingani tena, na mvumo unarudi kama ule wa tramu. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, umepigwa. Na kebo ikiwa nyepesi kuliko unavyotegemea, jiulize.

Dhahabu siibezi. Haipitishi umeme kuliko shaba, lakini haishiki kutu, na kwa aliyeko Mombasa au Unguja na ile hewa ya chumvi, pini za dhahabu ni akili. Kwa jukwaa lenye transfoma na taa nyingi, tafuta kebo ya nyuzi nne zilizosokotwa kwa umbo la nyota, ambamo zinazotazamana zinaunganishwa zikawa waya mmoja. Inachuja mvumo wa sumaku kuliko ya nyuzi mbili, ila inalimbikiza chaji zaidi, kwa hiyo usiivute umbali usio na sababu.

Fungua kichwa cha kebo yako leo uangalie pini 2 na 3 zimelehemiwa vipi, na kama kuna mjanja aliyeiunga pini 3 na pini 1. Akishafanya hivyo, una kebo ya balansi kwa jina tu. Umekuta nini? Dondosha komenti hapo chini.